Chachu Isiyoombwa

Mara ya tatu mume wangu alipomwaga bia yake ya boki mtaroni, mbwa wa jirani alikuja kuinusa, akarudi nyuma, akaenda zake. Nilitaka kucheka. Nilijizuia kwa sababu Hubert alikuwa bado ameshika ndoo mkononi, na kwa sababu nilijua kwamba hakumwona yule mbwa. Jicho lake la kushoto lilikuwa limezimika tangu Noeli. La kulia liliona mbele tu, kipande kidogo cha dunia, na hicho kipande nacho kilipungua kila mwezi.

Harufu ilikuwa ya yai viza na ndizi zilizoiva kupita kiasi. Lita arobaini. Maji yakimwagika hayazoleki, na yale hata kuzolewa hayakustahili.

Mimi ni Agathe. Hapa mtaani kwetu Kataki, mjini Kalemie, ukiuliza pombe nzuri ya mahindi inapikwa wapi, mtu yeyote atakuonyesha mlango wangu, hata wale wanaojifanya hawanywi. Mume wangu naye alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha bia kule kusini, chini kwenye mapipa, mahali ambapo ni baridi mwaka mzima. Kwa hiyo watu wawili wa kazi moja tumelala kitanda kimoja miaka thelathini na minane, na hakuna aliyewahi kunywa pombe ya mwenzake bila kukunja uso. Yake niliiita maji ya mkate. Yangu aliiita uji uliokasirika. Tulizaa watoto watano hivyo hivyo.

Boki ni bia ya Wajerumani, nzito, yenye kimea kingi na nguvu nyingi. Mkuu wa mapishi pale kiwandani alikuwa Mjerumani, na kila mwaka alipika pipa moja la boki kwa ajili yake na rafiki zake, wainywe siku ya Mtakatifu Yosefu. Hubert aliliosha pipa hilo, alilibeba, alililinda wiki zote za baridi. Kupika hakuruhusiwa. Siku yenyewe alipewa glasi moja, akaenda kuinywa nje, juani. Alinisimulia rangi yake mara nyingi hata nikaichoka: nyekundu iliyokolea, ya udongo wenye maji, na mwanga unapita ndani yake mpaka chini.

Mwezi wa kumi mganga wa macho anayepita Kalemie kila baada ya miezi mitatu alitueleza kwamba ni presha ya macho, na kwamba mshipa ukishakufa haufufuki. Dawa ya matone ingechelewesha tu. Labda hadi kiangazi, alisema, labda kidogo zaidi. Tulirudi nyumbani kwa miguu, polepole. Hubert alivua viatu, akaketi, akasema maneno ambayo nayakumbuka yote.

"Mama Daniella, mi nataka kupika boki yangu. Mi mwenyewe. Nataka niione na macho."

Hakulia. Mimi nililia baadaye, nikipuliza moto wa kuni, ili lawama iende kwa moshi.

Basi tukaanza. Rubens, mfanyabiashara Mbembe anayevusha mizigo kati ya Kigoma na hapa, alituletea gunia la shayiri lililotosha mapishi manne. Hubert aliiloweka, akaitandaza kwenye mikeka, akaigeuza asubuhi na jioni mpaka ikaota, kisha akaikausha na kuikaanga juu ya bati. Lazima niseme ukweli, kazi hiyo aliifanya vizuri kuliko mimi. Vidole vyake havikuhitaji macho. Daniella, binti yetu wa kwanza anayekaa Lubumbashi, alituma kifurushi cha maua machungu ya hopu na pakiti nne za chachu ya kiwandani.

Tatizo lilikuwa hizo pakiti. Chachu ya boki imezoea baridi. Hubert alizika pipa la plastiki mchangani nyuma ya nyumba, kivulini, akalifunika magunia, na kila baada ya saa mbili tuliyamwagia maji ya ziwani. Maji hayo niliyabeba mimi kichwani. Lakini Kalemie ni Kalemie. Chachu ya baridi ikiona joto letu inafanya kazi kwa wazimu, na wazimu huo ndio ile harufu ya yai. Mara ya kwanza hivyo. Mara ya pili hivyo. Kila mara miezi miwili inakwenda, na jicho nalo linakwenda.

Sasa utaniuliza: Agathe, wewe mpika pombe, chachu yako iko wapi?

Iko juu ya jiko langu. Imekaa kwenye mwiko wa kukorogea, wa mti mweusi, ambao ulikuwa wa nyanya yangu huko Mpala. Mwiko huo hauoshwi. Ukimaliza kukoroga unautundika na povu lake, linakauka, na siku ya kupika tena unautumbukiza, pombe inaamka. Chachu hiyo haijui baridi ni nini. Ilizaliwa kwenye joto, inafanya kazi kwenye joto, na siku ya nne imemaliza kazi bila harufu yoyote mbaya. Popote kazi ya Hubert ilipotupeleka, mwiko ulikwenda nami, umefungwa kwenye kitenge.

Lakini kwetu chachu haitolewi, inaombwa. Anayeihitaji anakuja mwenyewe mchana, anasimama mlangoni pa jiko na konzi ya kimea chake, anasema anampikia nani. Hapo ndipo unautoa mwiko. Hata binti yako wa kumzaa ataomba. Kumpelekea mtu chachu ambayo hakuiomba ni kumwambia kwamba yake imekufa, na mikono yake imekufa pamoja nayo. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo kati ya wapika pombe. Wamama wanasema chachu isiyoombwa huumua ugomvi ndani ya nyumba.

Hubert alilijua hilo. Wakati boki ya pili ikiwa bado pipani, Gracieuse, mke wa Rubens, alikuja kuomba kwangu. Alisimama mlangoni na kimea chake, akasema anampikia mama mkwe wake anayefika kutoka Fizi. Nilimpa. Mume wangu alikuwa ameketi hatua sita kutoka pale, anasikia kila neno. Gracieuse alipoondoka, Hubert alikwenda kuosha mikono kwa javel, ile dawa ya kuulia vijidudu, na kubadilisha shati, kwa sababu hewa ya jikoni kwangu ilikuwa imempiga. Hiyo ndiyo sheria ya kiwandani: mtu wa mapipa hapiti karibu na chachu ya kigeni. Yangu aliiita mikrobi, vijidudu vya uchafu. Neno hilo nimelimeza miaka thelathini na minane, na bado linanikwama.

Kwa hiyo nilingoja. Nilijiambia, ana hatua sita tu za kutembea. Mficha uchi hazai. Aje aombe kama watu wengine wanavyoomba, nami nitampa kwa mikono miwili. Hakuja. Boki ya tatu ikaenda kwa mbwa, na mbwa akaikataa.

Mapishi ya nne yalikuwa ya mwisho. Rubens alisema shayiri nyingine haipatikani mpaka mavuno, na pakiti ilibaki moja. Ilikuwa Jumatatu, katikati ya mwezi wa nne, mvua zikiwa zinaaga. Kufikia hapo Hubert hakuweza tena kusoma kipimajoto, nilimsomea mimi. Nilimwandikia pia kwenye daftari lake, maana kila pishi aliliandika kama alivyofundishwa kiwandani: siku, joto, uzito, kilichotokea. Nilimchagulia shati. Nilimwekea mkono kwenye kikombe. Yote hayo aliyakubali kwa adabu, akisema aksanti kila mara, na aksanti zake zilianza kuniuma bila mimi kujua kwa nini.

Alimimina chachu ya pakiti jioni ile ile. Jumanne kimya. Jumatano alipiga magoti mchangani, akaweka sikio kwenye pipa, akakaa hivyo muda mrefu. Aliniomba niangalie ndani. Niliangalia. Ilikuwa imetulia kama chai iliyosahauliwa mezani.

"Bado," nilimwambia.

Akasema labda kesho. Alisema hivyo mara nne siku hiyo, na mara ya nne sauti ilikuwa imekwisha.

Alhamisi asubuhi Rubens alimpakia kwenye pikipiki kumpeleka hospitali kuchukua matone yake. Nilibaki peke yangu na lile pipa. Nilijua mambo mawili. Kwanza, pakiti ilikuwa imekufa, imekaa miezi kwenye joto la nyumba yetu. Pili, maji ya kimea yakikaa siku ya nne bila chachu yanaoza, na yakioza hakuna shayiri nyingine, wala hakuna jicho la kungoja mavuno.

Nilizunguka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilifagia mahali palipokuwa safi. Halafu nilipiga moyo konde, nikautungua mwiko, nikaenda nyuma ya nyumba, nikafunua pipa. Nilimwomba nyanya anisamehe, nikakoroga. Povu kavu lililainika, likajitenga na mti, likazama. Nilifunika, nikarudisha mwiko mahali pake. Katika maisha yangu sikuwahi kumpa mtu chachu asiyoiomba, na niliyempa ni mume wangu.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nachekecha unga nikasikia jina langu. Nilikwenda mbio. Hubert alikuwa ameketi mchangani, amelikumbatia pipa.

"Imeamuka," akasema. "Mama Daniella, imeamuka. Sikia."

Alichukua kiganja changu akakibandika kwenye plastiki, nisikie mtetemo. Niliusikia. Niliujua mtetemo ule tangu utotoni. Uso wake ulikuwa umelowa machozi na ulikuwa mzuri, mzuri hasa, na mimi niliuma ulimi wangu.

Wiki ile alikuwa kijana. Aliimba nyimbo za kanisa kwa maneno yasiyokuwamo kitabuni. Alimweleza Rubens, alimweleza katekista, alimweleza mwanamke anayeuza mikate, kwamba levire yake, yaani chachu, ilikuwa imelala tu, kwamba mtu akijua kazi anajua kungoja. Watu walimsifu. Nilijifariji kwamba hakuna aliyeumia. Lakini kila aliponiuliza jambo, kama shati ni safi, kama mvua inakuja, kama kuna mtu barabarani, na kuliamini jibu langu moja kwa moja, nilijiona mwizi anayeiba kwa mtu aliyelala.

Jumanne iliyofuata aliniita na daftari. Alikaa upande wa dirisha, mikono juu ya magoti, akanipa maneno kama mkurugenzi.

"Andika: levire ilikawia siku tatu, kisha ikaamuka yenyewe."

Niliandika tarehe. Niliandika neno levire. Kalamu ikagoma hapo. Katika daftari lile kulikuwa na kila kosa alilolifanya, hata yale ya aibu, na hakuna mstari hata mmoja wa uongo. Na mwandiko uliofuata ungekuwa wangu.

"Siandike," nikamwambia.

"Juu ya nini?" aliuliza, akitaka sababu.

"Juu si kweli, Papa Daniella. Levire yako ilikufa. Ile inachemka njo yangu, ni yangu mi. Nilikoroga na muiko wangu siku ulienda ku hospitali."

Nje, watoto walikuwa wanakokota bati barabarani, nikatamani walikokote siku nzima nisisikie atakachosema. Alizungumza kwa sauti ya chini.

"Miaka makumi tatu na moja, hakuna muntu aliingiza mukono mu pipa yangu."

Aliinuka. Bega lake la kushoto likagonga mwimo wa mlango asiouona. Nilimkimbilia, akaukataa mkono wangu.

Siku mbili hatukusemezana. Alijifunza nyumba kwa viganja, ukuta hadi ukuta. Alivaa shati nje ndani, nikaliacha hivyo, kwa sababu hakuniuliza, nami pia ni mkaidi. Usiku alilala ukingoni mwa kitanda. Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa na huruma naye, na vitu hivyo viwili havikai vizuri katika kifua kimoja.

Alhamisi nilimwona anakwenda nyuma ya nyumba na ndoo. Nilisimama mlangoni pa jiko. Nilijua anakwenda kumwaga, na niliamua kutomzuia. Shayiri ilikuwa yake. Alifunua pipa, akainama, akanusa. Akanusa tena. Ndoo ikakaa chini.

"Uko pale?" aliuliza bila kugeuka.

"Niko."

"Ungeniambia mbele. Ile ya kwanza ilipoharibika, ungesema: Papa Daniella, kamata levire yangu."

"Na wewe ungeomba," nilimjibu. "Ulimuona Gracieuse. Ulisikia namna gani anaomba. Mi nilikuwa nangoja. Kukupatia bila kuomba ni kukuambia mikono yako imekufa, sikutaka kukutukana."

Aliongea polepole, akiliambia lile pipa zaidi kuliko mimi.

"Naomba maji. Naomba shati. Naomba njia ya choo, naomba unisomee, naomba unishike mukono. Kila siku, tangu asubuhi, mi naomba. Nilitaka kintu kimoja tu, moja, nisiombe."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Miezi sita nilikuwa nimesimama jikoni na heshima yangu mkononi, namngoja mtu anayeomba kutwa nzima aje aniombe mara moja zaidi. Na nilijiona mwenye subira. Nilikwenda nikasimama upande wake wa kulia, mahali anapoweza kuniona, nikamwomba msamaha. Mimi nilimwomba yeye.

Alinitafuta uso kwa lile jicho lake, akaupata.

"Levire si kitu," akasema. "Lakini ulinidanganya siku tano. Mi naona na mudomo yako sasa. Ukinidanganya, niko kipofu mara mbili. Usinidanganye tena, hata ni kwa kunihurumia."

Nilimwapia. Nilimwambia pia kwamba shati liko nje ndani. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye bado hajasamehe vyote, akalivua palepale akaligeuza.

Kisha akataka daftari. Tuliketi juu ya magunia, kando ya pipa, na akaanza kuniuliza. Chachu hii ina umri gani. Nyanya aliipata kwa nani. Inapenda joto la kiasi gani, inachoka siku ya ngapi, ikikauka mwezi mzima inaamka au haiamki. Nilimweleza kwamba nyanya aliiomba kwa mwanamke mmoja wa Zongwe, aliyemvusha ziwa kwa mtumbwi mwaka wa njaa, na kwamba huyo wa Zongwe hatujui aliiomba kwa nani. Nilimweleza vile ninavyoijua kwa harufu kabla ya kuiona. Aliuliza, nilijibu, niliandika. Katika miaka thelathini na minane ilikuwa mara yake ya kwanza kuniuliza kazi yangu inafanywaje. Niliandika polepole ili maswali yasiishe. Mstari wa mwisho alinipa yeye: levire ya Agathe, ya nyanya yake wa Mpala, joto ni ile ya Kalemie. Neno mikrobi hakulitaja, na hajalitaja tena.

Kungoja kukaanza. Bia inapoacha kuchemka, chachu inashuka chini yenyewe, na juu inabaki safi. Kiwandani walingoja miezi kwenye baridi. Sisi tulijipa wiki tatu, kwa sababu mwezi wa tano ulikuwa umefika, upepo mkavu umeanza kuvuma kutoka ziwani, na asubuhi moja Hubert alimimina chai kando ya kikombe, akaendelea kumimina. Nilimwambia. Alishukuru, akapangusa meza mwenyewe. Siku nyingine alinisalimu nikiwa nimeshapita. Hatukuizungumzia. Alikuwa ananiuliza tu, jioni, kama nimefunua pipa kuchungulia, nami nikamjibu kwamba sijafunua, na ilikuwa kweli. Nilikuwa naogopa.

Jumapili baada ya misa alisema ni leo. Aliosha glasi mwenyewe, akaisuuza mara tatu. Nilichota kutoka juu, polepole, nisitibue. Povu lilisimama la rangi ya kahawa yenye maziwa. Tulitoka hadi katikati ya uwanja, kwenye jua kamili, hakuna mti wala paa. Nilimwekea glasi mkononi, nikarudi nyuma hatua mbili ili nisimzibie mwanga.

Aliinua glasi mbele ya jicho la kulia. Alinieleza wakati huo namna wapishi wa kule walivyopima: unaweka vidole nyuma ya glasi, na bia ikiwa safi unavihesabu. Akaweka vidole vyake. Alisogeza glasi kushoto, akaisogeza kulia, akaishusha kidogo, akaiinua tena. Nilimwangalia usoni na nikaona kitu kinazimika pale taratibu.

"Mama Daniella."

"Nasikia."

"Naona nyekundu. Lakini kuko ukungu, vidole yangu sivioni." Akanigeukia. "Ni jicho yangu, ao njo boki?"

Nilichukua glasi kutoka mkononi mwake. Kama bia ni safi, basi jicho limefika mwisho, na ni mimi nitakayemwambia. Kama bia ina ukungu, basi shayiri ya mwisho, chachu yangu, ugomvi wetu, wiki zetu tatu, vyote vimezaa boki isiyopitisha mwanga, na ni mimi nitakayemwambia hilo pia. Uongo wa huruma ungekuwa upi, hata huo sikuujua. Niliinua glasi juani. Niliweka vidole vyangu nyuma yake.

Ilikuwa nyekundu, nyekundu nzuri iliyokolea. Na ilikuwa na ukungu tele. Chachu yangu imeishi maisha yake yote ndani ya pombe ya mahindi, na katika pombe ya mahindi hakuna aliyewahi kuitaka itulie chini. Niliangalia mara mbili ili niwe na hakika. Vidole sikuviona hata kimoja.

"Njo boki," nikamwambia. "Iko na ukungu. Hata mi sioni vidole."

"Kweli?"

"Kweli. Niliapa."

Alicheka, kicheko kirefu kilichomkunja mpaka akanishika bega asianguke, na machozi yalimtoka jicho zima na jicho bovu pia.

"Basi jicho iko," akasema. "Jicho ingali iko, Mama Daniella. Njo boki tu."

Nilileta viti viwili na glasi ya pili. Alionja, akakaa nayo mdomoni, akasema haina harufu ya yai, haina ndizi, ina kimea na kitu kingine asichokijua jina. Nilionja nami. Sikukunja uso. Alisema tulifunike pipa, tulipe wiki tatu nyingine, litasafika, chachu nayo inajifunza. Nilimwambia sawa. Wiki tatu ni nyingi, tulilijua hilo sote, lakini hakuna aliyelisema. Tulikunywa pale juani mpaka watu wa misa ya pili wakapita, na kila baada ya funda mbili Hubert aliinua glasi yake mbele ya jicho, akaweka vidole nyuma, na kufurahi kwamba havioni.